Simu, pawabenki na laptopu ndani ya ndege: mwongozo kwa mhudumu mpya

Mhudumu wa ndege anayeanza kazi hukariri mapema tangazo la kuweka simu katika hali ya ndegeni, na wengi huishia hapo. Lakini vifaa vya kielektroniki vina hatari tatu ndani ya ndege, na hazilingani uzito. Kubwa kuliko zote ni betri kuwaka. Ya pili ni kifaa kurushwa au kuziba njia ndege inapopaa, inapotua au inapofunga breki ghafla. Mawimbi ya simu ni ya tatu. Ukiipanga kazi yako kwa mfuatano huo utajua pa kukaza na pa kulegeza. Ukiugeuza, utamaliza nguvu zako kwa abiria anayemalizia ujumbe wa WhatsApp, huku juu ya kichwa chake kuna pawabenki iliyovimba ndani ya begi lililoshindiliwa.

Kwa nini betri ndiyo ya kwanza

Ndani ya betri ya lithiamu kuna pande mbili, chanya na hasi, zilizotenganishwa na utando mwembamba wa plastiki. Utando ukitoboka kwa sababu betri imeangushwa, imebanwa, imechajiwa kupita kiasi au ilitoka kiwandani na kasoro, pande hizo hugusana. Joto hupanda, hilo joto huchochea joto jingine, na seli (chumba kimoja cha betri) hutema gesi inayoshika moto. Seli ya jirani huungua kwa joto hilo na kuanza vilevile. Hatua hiyo ikishaanza, kuzima swichi hakusaidii. Inaweza pia kutokea kwenye kifaa ambacho hakichajiwi wala hakijawashwa.

Septemba 3, 2010 ndege ya mizigo ya UPS aina ya Boeing 747-400 iliyokuwa imetoka Dubai ilishika moto sehemu ya mizigo, ambamo kulikuwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu. Marubani wote wawili walifariki. Kwa hiyo, abiria anapokuuliza kwa nini pawabenki isikae kwenye sanduku linaloshushwa chini, mjibu kwamba kule hakuna mtu wa kuiona ikianza kufuka. Ndani ya kabini kuna macho, maji na mikono.

Lakini kabini nayo ina mahali pasipoonekana. Januari 28, 2025 Airbus A321 ya Air Busan iliungua ikiwa bado ardhini kwenye uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Moto ulianzia kwenye kabati la juu la mizigo upande wa nyuma. Watu wote 176 walitoka wakiwa hai, na wachunguzi walieleza kuwa huenda chanzo kilikuwa pawabenki. Baada ya hapo kanuni zilibadilika haraka. Korea Kusini ilikataza pawabenki kuwekwa kwenye makabati ya juu kuanzia Machi 1, 2025. Singapore Airlines ilipiga marufuku kuzitumia na kuzichaji angani kuanzia Aprili 1. Emirates, inayobeba abiria wengi kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe, ilifuata Oktoba 1, 2025: abiria abebe moja tu, isiyozidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati iliyomo kwenye betri), yenye maandishi ya uwezo wake, asiitumie wala asiichaji ndani ya ndege, na aiweke kwenye mfuko wa kiti au kwenye begi lililo chini ya kiti cha mbele.

Abiria anayeunganisha safari huwa chini ya kanuni za shirika analopanda wakati huo. Mwambie hivyo mapema ili asije akashangaa Dubai.

Hesabu ya betri, ifanyike papo hapo

Kikomo kinachotumika duniani kote hupimwa kwa Wh, si kwa mAh (miliampea-saa), namba kubwa inayoandikwa kwenye pawabenki. Mpaka Wh 100 inaruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi. Zaidi ya 100 mpaka 160 inahitaji idhini ya shirika la ndege, na betri za akiba za ukubwa huo zisizidi mbili. Pawabenki ya zaidi ya 160 haipandi na abiria kabisa. Shirika lako linaweza kuwa kali zaidi ya hapo, na kijitabu cha kazi cha shirika ndicho cha kufuata.

Kama Wh haijaandikwa, gawa mAh kwa 1,000, kisha zidisha kwa volti za seli, ambazo kwa pawabenki nyingi ni 3.7. Hivyo 10,000 mAh ni Wh 37. 20,000 ni Wh 74. 27,000 ni Wh 99.9, ukingoni kabisa. 30,000 ni Wh 111, yaani inahitaji idhini. Na 50,000, zile nene zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi, ni Wh 185, hazipandi. Wengi hukosea kwa kuzidisha na volti 5 zilizoandikwa karibu na tundu la USB. Hizo ni volti za kutolea umeme, na ukizitumia utamzuia mwenye 22,000 mAh bila haki.

Pawabenki ambayo maandishi yake yamefutika isipewe faida ya shaka. Huna njia ya kujua kilichomo. Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou wajue pia kwamba tangu Juni 28, 2025 safari za ndani ya China hazikubali pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya China ya uthibitisho wa usalama wa bidhaa, hata ikiwa ndogo na mpya.

Kagua na umbo. Betri iliyovimba, iliyopasuka, iliyolowa, yenye harufu tamutamu ya kemikali au iliyo moto ilhali haitumiki, isipande. Hii si ya kubembelezana, mwite mtu wa ardhini aichukue kabla mlango haujafungwa.

Betri za akiba za kamera na droni, ambazo watalii wa Serengeti na wapiga picha za harusi hubeba kwa wingi, hazikatazwi, ila ncha zake zisiguse chuma. Kila moja iwe kwenye kasha lake au mfuko wake wa plastiki, au ncha zifunikwe kwa utepe. Betri iliyotupwa mfukoni pamoja na funguo na sarafu inatosha kuanzisha moto.

Begi linalochukuliwa langoni

Hapa ndipo makosa mengi hutokea kwenye ndege zetu ndogo. ATR na Q400, ndege za propela za safari fupi, zina makabati membamba, na ndege ikijaa, mabegi ya magurudumu huchukuliwa mlangoni na kushushwa kwenye sehemu ya mizigo. Begi lililopita ukaguzi kama la mkononi, likiwa na pawabenki ndani kihalali, sasa linageuka kuwa mzigo wa chini. Abiria hakumbuki, mpakiaji hajui.

Kwa hiyo kila begi linapochukuliwa, swali liulizwe kabla ya kuandika tiketi yake: “Samahani kaka, ndani kuna pawabenki, betri ya akiba au sigara ya kielektroniki? Naomba uzitoe ubaki nazo.” Taja vitu kwa majina. Ukiuliza “una kitu chochote cha hatari?” utajibiwa hapana, maana hakuna anayeiona chaja yake kuwa kitu cha hatari. Masanduku yenye betri ya kujengewa ni vilevile: betri itolewe ibaki na mwenyewe. Kama haitoki, sanduku hilo lisishushwe chini.

Kupaa na kutua

Safari ya Dar es Salaam kwenda Unguja huchukua takriban dakika 20 angani. Hakuna muda wa kurekebisha chochote juu, kwa hiyo kila kitu kimalizwe ndege ikiwa bado inateleza kwenda njia ya kurukia. Kwenye safari ndefu usidanganyike kwamba una muda zaidi: anza kuandaa kabini mapema, maana chini ya futi 10,000 marubani hawasumbuliwi isipokuwa kwa jambo la usalama.

Laptopu zifungwe na kuwekwa chini ya kiti cha mbele au kwenye kabati. Mashirika mengi huweka mpaka kwenye kilo 1 hivi: kilicho chini ya hapo, kama simu au tableti ndogo, kinaweza kubaki mkononi au kwenye mfuko wa kiti, kilichozidi kinafungiwa. Sababu si mawimbi. Ndege ikisimama ghafla, laptopu ya kilo 2 inaendelea kwa mwendo uleule hadi ikutane na kichwa cha mtu, na meza iliyofunguliwa kwa ajili yake humzuia wa dirishani kutoka.

Pitia waya kwa macho. Waya wa chaja unaokatiza ujia au miguu ya jirani utamwangusha mtu kwenye moshi. Safu za milango ya dharura ziwe tupu kabisa: hakuna begi chini, hakuna waya, na wanaokaa hapo watoe vifaa masikioni wanapopewa maelekezo yao. Kwa abiria wengine nao, onesho la usalama lisikilizwe bila hedifoni. Unapokuta mtu amefumba macho na vifaa vidogo vya masikioni vimejificha chini ya kitambaa au kofia, inama usawa wa uso wake uonekane kwanza, ndipo useme. Kumgusa bega mtu aliyeshtuka usingizini huanzisha ugomvi usio wa lazima.

Hali ya ndegeni, bila kutisha watu

Usimwambie abiria kwamba simu yake itaangusha ndege. Anajua kwamba wengine husahau kuzima na ndege hutua salama, na ukishasema lisilo kweli, hatakuamini utakapomwambia habari ya betri.

Ukweli wenyewe unatosha. Simu iliyo juu hutafuta mnara ulio mbali, hivyo hupandisha nguvu yake ya kurusha mawimbi hadi mwisho. Mawimbi hayo yanaweza kuingia kwenye hedifoni za marubani kama mlio wa kukatakata, ule unaosikika redio ikiwa karibu na simu inayotaka kuita. Mlio huo ukifunika namba moja ya urefu au ya njia ya kutua inayosomwa na mwongoza ndege, ni lazima arudie, na karibu na uwanja wenye ndege nyingi kila marudio hula sekunde za kazi. Baadhi ya safari utasikia nahodha akiagiza vifaa vyote vizimwe kabisa, hasa ukungu unapokuwa mzito na ndege inatua kwa mitambo. Agizo hilo halina mjadala wala muda wa kueleza, pita ukague.

Tofauti kati ya mashirika huwachanganya abiria. Marekani ilifungua mlango Oktoba 31, 2013 kwa vifaa vilivyo katika hali ya ndegeni kutumika tangu lango la kuondokea hadi la kufikia, na mwaka 2014 Ulaya ikaruhusu hata visivyo katika hali hiyo, mradi shirika lithibitishe kuwa aina ya ndege yake inavumilia. Sharti ni hilo la kuthibitisha. Abiria akisema “juzi nilipanda shirika fulani waliruhusu,” mjibu kwamba huenda ni kweli, na kwamba ndege hii inafuata kibali chake.

Wenye Wi-Fi ya ndege wawashe hali ya ndegeni kwanza, kisha Wi-Fi peke yake. Bluetooth mara nyingi hukubaliwa. Vifaa vya kusaidia kusikia na vya moyo haviguswi na kanuni hii hata kidogo.

Na kitochi. Simu nyingi za vitufe hazina hali ya ndegeni inayopatikana kwa urahisi, na mwenye nayo mara nyingi ni mzee anayepanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda hospitali au kwa watoto wake. Msalimie kwanza: “Shikamoo mzee. Naomba tuizime simu kabisa, tukishuka tutaiwasha pamoja.” Akikupa uizime, izime mbele ya macho yake, umrudishie papo hapo, na ukumbuke ahadi yako mkifika.

Anayekataa

Ngazi ni nne, usiziruke. Kwanza ombi la kawaida, kwa sauti ya chini, ukitaja kitu chenyewe na unachotaka akifanye. Mara ya pili toa sababu kwa sentensi moja. Mara ya tatu mwite mhudumu kiongozi, naye aanze upya kwa upole kana kwamba hakuna kilichotokea, maana mara nyingi abiria hutafuta njia ya kukubali bila kuonekana ameshindwa mbele ya watu. Ya nne ni onyo rasmi kwa amri ya nahodha, la mdomo au la karatasi kulingana na utaratibu wa shirika.

Usimnyang'anye simu wala usimguse. Usimwaibishe kwa kutangaza namba ya kiti chake kwenye kipaza sauti. Mpe nafasi ya kutii: sema, geuka, hudumia safu mbili, rudi. Mtu aliyesimamiwa kichwani hushupaa.

Jua pia lini nguvu ya kisheria inaanza. Chini ya Mkataba wa Tokyo wa 1963, mamlaka ya nahodha juu ya abiria huanza milango yote ya nje inapofungwa baada ya watu kupanda, na hukoma mlango mmoja unapofunguliwa ili washuke. Kabla ya hapo, mambo yako mikononi mwa watu wa uwanja. Ndiyo maana abiria anayetukana kwa sababu ya pawabenki akiwa bado mlangoni anapaswa kumalizwa hapohapo, ardhini, hata kwa gharama ya kuchelewa dakika kumi. Angani juu ya Bahari ya Hindi, kati ya Dar es Salaam na Mumbai, hakuna pa kumshusha.

Andika mara moja: kiti, saa, maneno aliyosema, maneno uliyosema, nani alisikia. Ripoti iliyoandikwa kesho yake huwa na hasira nyingi na ukweli mchache.

Simu iliyotumbukia kwenye kiti

Daraja la juu lina viti vinavyosogezwa kwa mota. Simu ikidondokea kwenye upenyo, jambo la kwanza abiria analofanya ni kubonyeza kitufe ili kiti kisogee, na mota huiponda betri. Tangazo la mwanzo wa safari liseme wazi: simu ikipotelea kitini, usisogeze kiti, mwite mhudumu. Wewe nawe muinue abiria, hakikisha kiti hakiguswi, pima joto kwa mgongo wa mkono bila kugusa, tafuta kwa tochi, na uwe na kizimamoto karibu kabla ya kuanza kuchomoa mito. Isipopatikana, nahodha aambiwe na kiti kisikaliwe.

Betri ikiwaka

Dalili huanza kabla ya moto: mlio wa kufoka, uvimbe, moshi mweupe au wa kijivu, harufu kali. Watu watatu wanatosha, kila mmoja na kazi yake. Wa kwanza kugundua anapambana na moto. Wa pili anamweleza nahodha kwa simu ya ndani: kiti gani, kifaa gani, moshi wa rangi gani na mzito kiasi gani, nini kimefanywa. Wa tatu analeta vifaa na kuhamisha abiria.

Kama kuna ndimi za moto, tumia kizimamoto cha haloni (gesi ya kuzimia moto), na moshi ukizidi vaa kofia ya moshi, ile ya kukukinga usiuvute. Haloni huua ndimi lakini haipozi seli. Hapa ndipo watu hukosea: moto unazimika, kila mtu anapumua, dakika chache baadaye seli ya pili inalipuka. Kwa hiyo mara tu ndimi zinapozimika, mwaga maji juu ya kifaa, mengi, na uendelee. Maji yakikosekana, juisi au soda inafaa. Pombe kali hapana. Barafu hapana, kwa sababu hufunika kifaa na kulifungia joto ndani. Kwa sababu hiyohiyo usikifunike kwa blanketi.

Kama kilikuwa kinachajiwa kitini, chomoa waya ikiwa ni salama kuufikia, na omba umeme wa viti uzimwe kwenye kabini nzima.

Usikiinue kikiwa na moto au moshi, kinaweza kulipuka mkononi. Subiri dakika 10 hadi 15 bila moshi wala joto, ukilowesha tena kikifuka. Ndipo kiingizwe kwenye chombo chenye maji ya kukizamisha, droo ya toroli au ndoo ya barafu isiyo na barafu, kikazwe kisimwagike, na mtu mmoja akikague mpaka ndege itue. Mfuko maalumu wa kuhifadhia vifaa vilivyoungua, kama ndege yako inao, hutumiwa kadiri mtengenezaji anavyoelekeza, na si mbadala wa kuzima moto.

Moshi ukitoka kwenye kabati la juu, usilifungue kwa pupa. Hewa mpya italisha moto. Pima joto la mlango kwa mgongo wa mkono, fungua upenyo wa kuingiza mdomo wa kizimamoto tu, puliza, funga, subiri, kisha fungua polepole ukiwa na maji tayari. Abiria wa safu za karibu wahamishwe, wainame na wafunike pua kwa kitambaa kilicholowa. Anayesimama kuchukua begi lake au kurekodi video aambiwe kwa amri, si kwa ombi: “Kaa chini! Acha begi!”

Mkishatua, kifaa kikabidhiwe kwa kikosi cha zimamoto cha uwanja kikiwa bado kwenye maji, kwa maelezo ya kilivyowaka na muda. Kizimamoto na kofia ya moshi vilivyotumika viandikwe kwenye kitabu cha hitilafu za ndege, pamoja na namba ya kiti au kabati lililoungua, ili fundi avikague na kuvibadilisha kabla ndege haijapewa safari nyingine.